Aliyenibeba Kwenye Karatasi

Mchana ule tulikuwa tunakuna nazi, mimi na mama, nyuma ya nyumba yetu kule Olumbi, na nilikuwa nimenuna. Mama alikuwa ameniahidi kanga mpya ya kwendea ngomani, kisha akampa dada yangu. Basi nikaikuna ile nazi kama niliyegombana nayo. Mama akanitazama, akasema, "Endelea hivyo hivyo, utakuna mpaka kifuu." Akacheka peke yake. Kuku walituzunguka wakisubiri machicha, na baba alikuwa amelala barazani, kofia yake usoni. Ule ndio ulikuwa mchana wangu wa mwisho wa kuwa binti wa nyumbani, nami niliumaliza kwa kununa.

Askari wa Mreno walifika alasiri. Walimwamsha baba kwa kiatu. Walisema anawapa chakula watu wa msituni, na kweli alikuwa anawapa, sote tulijua. Walimpakia garini akiwa hata kofia hajavaa. Hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kaburi lake liko wapi.

Baada ya hapo wakatangaza kwamba watu wote watahamishiwa kijiji chenye uzio wa waya, kando ya barabara kuu. Mama na dada yangu wakaenda. Mimi na binamu yangu Atija hatukwenda. Tulitoka alfajiri na mihogo mibichi kwenye kapu, tukashika njia ya bara, tukawafuata wale wale waliokula chakula cha baba. Nisikudanganye kwamba nilikuwa na siasa kichwani. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu mimi hazipoi upesi, uliza yeyote hapa Palma.

Kazi tuliyopewa wanawake ilikuwa kubeba. Silaha zilikuwa zikivushwa Mto Ruvuma kutoka ng'ambo, nasi tukizipokea na kuzipandisha mpaka kambini, kule juu kwa Wamakonde. Sanduku la risasi kichwani, bunduki begani, na porini hakuna njia ila ile uliyoonyeshwa na aliyetangulia. Watu husimulia vita kama kufyatua risasi tu. Sisi tulivijua kwa shingo.

Huko ndiko nilikokutana na Tomasi.

Alikuwa kijana wa Kimakonde, mrefu, mwembamba, Mkristo wa kanisani kabisa, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Siku ya kwanza aliniuliza ukoo wa mama yangu. Nilipomtajia akapiga makofi, akapaza sauti kambi nzima isikie, "Jamani, mtumwa wangu amefika!" Nikajua hapo hapo kwamba nimepata mtani.

Kwetu utani huuchagui, unazaliwa nao. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu walipigana zamani za mababu, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo ni kutukanana, kunyang'anyana vitu na kuzikana. Mtani akikuita mwizi, wewe cheka na umwite mchawi. Ukikasirika umeshindwa. Ila kuna jambo moja mtani halifanyi: hakusifu mbele za watu. Mtani akikusifu hadharani ni kama amekukana, amekufanya mtu baki. Sifa ni za wageni.

Kwa hiyo Tomasi aliniita mvivu, mla pweza, binti wa pwani anayeogopa jasho. Mimi nilimwita mla panya. Alikuwa akininyang'anya muhogo wangu mbele ya kamanda, nami nikimfichia viatu. Atija alikuwa anasema sisi wawili tunachosha kuliko masanduku. Nilimpenda Tomasi kama unavyompenda kaka anayekuudhi, na usiulize zaidi ya hapo, maana hakuna zaidi.

Siku ya mto tulikuwa safu ndefu, tunarudi kambini na mizigo. Ni kijito tu, kiangazi unakivuka bila kulowa magoti. Atija alikuwa mbele yangu, Tomasi nyuma yangu, ananiimbia wimbo wa kunikejeli alioutunga mwenyewe.

Atija aliingia majini kwanza.

Sikusikia mlio. Niliona sanduku lake linaanguka, nikataka kumwambia aokote haraka, kamanda atamgombeza. Kisha nikaona maji.

Askari wa Mreno wakaanza kufyatua kutoka ukingo wa pili.

Nililala kifudifudi. Mchanga uliniingia mdomoni. Nikamwita Atija. Nikamwita tena.

Hakuitika.

Wimbo nao ulikuwa umenyamaza. Niligeuka. Tomasi alikuwa ameketi kama mtu anayepumzika, anautazama mguu wake wa kushoto. Chini ya goti ulikuwa umegeukia pasipo pake.

"Mvivu," akaniambia, "leo utakimbia kweli."

Wenzetu walikuwa wanarudi nyuma huku wakijibu risasi. Nilisukuma sanduku langu chini ya kichaka. Nilivua kanga yangu moja, nikachukua na kanga ya Atija iliyokuwa imening'inia kwenye mti wa ukingoni, maana aliivua isilowe, mimi nimvushie. Nikampandisha Tomasi mgongoni, nikamfunga kama wanawake tunavyofunga watoto, moja chini ya makalio, moja kifuani. Miguu yake ilikuwa inaburuzika. Mguu mbovu nilimfungia na mzima kwa mkanda wake.

Nikainuka. Mpaka leo sijui niliinukaje.

Tulipita kwenye nyasi ndefu, tukizunguka mbali kuelekea kambini. Helikopta ikaja, ikazunguka. Nikaingia chini ya miiba, nikapiga magoti naye mgongoni. Upepo wake ulizilaza nyasi zote.

Ikaondoka.

Njia nzima alikuwa akinitukana. "Polepole, punda. Nani alikufundisha kutembea, kaa?" Damu yake ilikuwa inanishuka kwenye mapaja, ya moto. Kisha akaacha kusema. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko kote.

"Tomasi, nitukane."

Kimya.

"Tomasi! Mla panya wewe! Nitukane!"

Alikaa sana. Kisha kichwa chake kikatikisika begani kwangu, akasema kwa sauti ya mtoto mgonjwa, "Unanuka."

Wallahi, sijapata kusikia neno tamu kama lile. Nililia na nikaendelea kutembea. Jua lilikuwa bado halijazama tulipopokelewa na walinzi wa kambi, na walipofungua zile kanga mgongo wangu haukutaka kunyooka. Mguu wake waliukata chini ya goti. Atija walimleta kesho yake, tukamzika mimi na wanawake wenzangu. Sanduku nililifuata mwenyewe.

Sasa sikiliza walivyonibeba.

Kidonda cha Tomasi kilipoanza kukauka, alikuja kambini ofisa mmoja kutoka kusini kabisa, kazi yake kuandika matendo ya kishujaa ili vita vikiisha watu watunukiwe. Mtu mzuri, mpole, ila Kiswahili chetu alikuwa hakijui, na mila zetu ndiyo kabisa. Mkalimani wake naye alikuwa wa mbali. Tukakusanyika. Tomasi akaletwa kwenye machela. Ofisa akauliza, siku ile ya mtoni, nani alimbeba mwenzake?

Mimi nikanyamaza. Binti aliyelelewa hasimami mbele ya wakubwa kujisifu. Husubiri mwenzake aseme. Na mwenzangu ni nani? Tomasi.

"Ni mimi," akasema Tomasi, mguu mmoja hana. "Nilimbeba huyu. Alikuwa analia anamtaka mama yake."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Watu walishika mbavu. Mimi nilicheka mpaka machozi, kicheko cha kwanza tangu Atija. Ofisa naye akatabasamu, akaona watu wanavyomfurahia shujaa wao, labda akadhani mguu aliupoteza akinibeba, akaandika. Sisi tukadhani anaelewa. Nani asiyejua utani? Tulidhani dunia nzima ina watani.

Wiki hiyo hiyo akaondoka na karatasi zake. Baadaye tulisikia ameuawa njiani, Mungu amrehemu, lakini karatasi zilifika.

Uhuru ukaja. Nishani zikaja nyuma yake, taratibu kama kila kinachotoka mji mkuu. Tomasi akavishwa: kwa kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa chini ya risasi. Kwenye jalada langu pakaandikwa: alijeruhiwa, akabebwa. Mimi, nisiye na hata mchubuko! Siku ile tulicheka tena. Tomasi alinizunguka na mguu wake wa mti akisema, "Salimia aliyekuokoa."

Kicheko hicho kilidumu miaka. Kisha taratibu kikaanza kuchacha. Waliokuwepo mtoni walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na wenye kujua kwamba ni utani wakazidi kuwa wachache. Tomasi alikwenda ofisini mara kadhaa kusema wamekosea. Lakini kila akifika mbele ya watu ulimi unamgeuka, anatania, wanacheka, wanamwambia mzee nenda kapumzike.

Nilikuwa nimezoea, kusema kweli. Nilikuwa na shamba langu la minazi, wajukuu wangu, afya yangu. Mpaka ikaja gesi.

Ilipogunduliwa ile gesi baharini, Palma ilifurika watu wa kila namna. Kila mtu akawa anatengeneza karatasi: za shamba, za nyumba, za kuzaliwa, za ndoa ambazo watu walisahau kama walifunga. Na shuleni kwa mjukuu wangu Zuhura wakasema, pamoja na wageni hawa wote, watoto wajue mashujaa wa hapa. Mwalimu akasoma majina na matendo, alivyoyapokea.

Zuhura akarudi nyumbani, akaketi jikoni, akanitazama ninavyopepeta mchele.

"Bibi, eti wewe ulibebwa?"

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Kasema babu Tomasi alikubeba ukilia. Wenzangu wamenicheka."

Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, mtoto mwema yule, akasema, "Haya, bibi." Lakini nililijua lile "haya". Ndilo tunalowaambia wazee wanapotusimulia habari za majini na mizimu. Hakuniamini. Iliniuma, sitaficha. Nikaona: nikifa, huyu ndiye atakayesimulia, na atasimulia nilibebwa. Na Atija, ambaye kanga yake ndiyo iliyomfunga Tomasi, hatakuwemo kabisa.

Nikaenda ofisi ya wapiganaji wa zamani pale wilayani. Wakaniambia marekebisho yanawezekana, ila niwe na shahidi aliyeona kwa macho. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu.

Tomasi wakati huo alikuwa anaishi Palma kwa binti yake, mpishi kwenye kambi ya watu wa gesi. Kifua kilikuwa kimemshika vibaya. Nilipiga hodi.

"Nani huyo ananuka pweza?" akauliza toka ndani.

"Mwenye nyumba."

Nikaingia, nikamnyang'anya kikombe chake cha chai kama desturi, nikakinywa. Kisha nikamwambia shida yangu. Alisikiliza akikohoa.

"Nikaseme nini? Kwamba wewe shujaa? Ulimi utaniota vidonda."

"Sema ilivyokuwa."

"Nikusifu mbele ya ofisi, kama mtu nisiyemjua? Wanangu wakisikia watauliza mimi nawe, Mwanasha, tumegombana nini." Akanyoosha mkono kwenye sanduku lake, akatoa ile nishani kwenye kitambaa. "Chukua hii basi. Tuachane."

"Sitaki yako. Nataka yangu."

"Mkaidi wewe."

"Tomasi, Zuhura haniamini. Leo sitanii."

Aliikunja nishani kwenye kitambaa chake, akageukia ukutani. Nikaondoka nimekasirika, na kikombe chake nikaondoka nacho.

Siku ya ofisi nilivaa kanga mpya. Nilikaa kwenye benchi nikaona watu wanaingia na kutoka, nikajua haji. Kisha pikipiki ikasimama nje, nikasikia gongo lake, na kikohozi, na sauti: "Yuko wapi mtuhumiwa?"

Aliyekuwa mezani alikuwa mwanamke kijana, wakimwita Dona Lurdes, mzaliwa wa Mocímboa, pwani yetu hii hii. Akamkaribisha Tomasi kiti, akamwamkia, akachukua kalamu. "Haya, mzee. Unamfahamu mama huyu?"

"Namfahamu. Ni mwizi wa vikombe."

Nikasema kimoyomoyo, basi, imekwisha, ni yale yale.

Dona Lurdes hakuandika. Alimtazama Tomasi, akanitazama mimi. Kisha taratibu akaanza kutabasamu.

"Mzee, huyu ni mtani wako?"

"Ni mtumwa wangu."

"Ahaa." Akavuta karatasi mpya. "Basi mtukane vizuri, bila haraka. Kuandika niachie mimi."

Tomasi akaegemeza gongo lake mezani. Sijui kama mtu mwingine yeyote, katika miaka yote ile, alimwambia neno la maana kama hilo. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Andika kwamba huyu mwanamke hana akili," akasema. "Mtu mwenye akili, mwenzake akivunjika mguu na risasi zinanyesha, anakimbia. Huyu mjinga alibaki. Andika kwamba ni mchafu: alinifunga mgongoni kwake kama mtoto, na kanga zenyewe zinanuka samaki. Andika hajui kutembea. Kutoka mtoni hadi kambini alinirusharusha kama gunia la mihogo, hakunishusha hata mara moja nipumzike. Andika ni mwoga, aliiona helikopta akapiga magoti, akanikinga kwa miiba, nikachubuka. Na ana kelele! Mimi nataka kufa zangu kwa amani, yeye anapiga kelele nimtukane. Mtu gani huyo?"

Dona Lurdes alikuwa anaandika na mabega yanamtikisika. "Akutukanaye hakuchagulii tusi," akasema. Watu wa mlangoni walikuwa wanacheka. Mimi nilijifunika uso kwa mtandio, maana nilikuwa nacheka na nalia, na sikutaka Tomasi aone kipi ni kipi.

"Na hizo kanga mbili," akauliza Dona Lurdes, "zote zilikuwa zake?"

Tomasi akaacha kutania. Uso ulimbadilika kabisa.

"Moja ilikuwa ya binamu yake. Atija. Alikufa mbele yetu, majini. Huyo mwandike jina lake sawasawa. Alikuwa msichana mzuri, alibeba kuliko sisi sote."

Atija alikuwa wa upande wa baba yangu, hakuwa mtani wake. Yeye aliweza kumsifu, akamsifu.

Karatasi zilikwenda, zikakaa, zikarudi. Nilivishwa nishani yangu uwanja wa wilaya, asubuhi, magari ya watu wa gesi yakipita barabarani na vumbi lake. Ya Tomasi haikuondolewa, alikuwa na mambo mengine mengi ya kuistahili, na jalada lake sasa linasema alijeruhiwa na kubebwa. Waliposoma jina langu na nilichofanya, sauti ikatoka viti vya nyuma, "Mmekosea mtu!" Uwanja mzima ukacheka, hata mkuu wa wilaya. Zuhura alikuwa kando yangu kanishika mkono, naye akacheka, ila alikuwa ameushika kwa nguvu. Jioni ile aliniomba nimsimulie ya mtoni tangu mwanzo. Nilipofika kwa Atija hakusema "haya". Aliuliza alikuwa anafananaje. Nilifurahi siku ile. Nilikula wali wa nazi, nikalala kama mtoto.

Tomasi alifariki mvua zilipoanza. Binti yake alinipigia simu mimi kabla ya padre, na ndivyo inavyotakiwa. Nilifika nikaketi mlangoni, nikaziba njia, nikasema jeneza halitoki, marehemu ni mwongo, anajifanya amekufa ili asilime. Nikachukua gongo lake, nikachechemea nalo uani nikikohoa kama yeye. Wanawe walicheka na machozi yao. Padre mgeni alishangaa kidogo, akaelezwa. Nilifanya kazi yangu yote ya mtani, sikuacha kitu, kisha nikaketi na wanawake, mikono yangu ikawa haina la kufanya.

Wapo wanaosema mimi ni mtu mwenye bahati, nami nakubali. Baba sikumzika, Atija nilimzika, mguu wa Tomasi ulibaki kule. Hayo hayarekebishwi na ofisi yoyote. Lakini nilizeeka, nina minazi yangu, na jalada langu linasema kweli. Zuhura ameweka nakala yake kwenye kioo, ukutani, kila mgeni anaisoma na kuniambia, "Hongera, bibi, wewe shujaa."

Wote wananisifu sasa. Asubuhi nikifagia uwanja husimama kidogo nikasikiliza huko njiani, maana ningetoa hata nishani yenyewe nisikie mtu mmoja akinisingizia.